Mbona maua ya jirani yanachanua na yangu hayachanui? Ufafanuzi wa kuchagua na kukuza mimea ya mapambo nyumbani

Kila panapozungumzwa bustani za nyumbani hukosi kusikia mtu akisema, "Fulani ana mkono wa mimea, mimi sina." Mtu huyo amenunua kitaluni kichaka kilichojaa maua, amekipanda mbele ya nyumba kwa mapenzi yote, na wiki ya pili maua yamepukutika. Mwezi wa tatu kimebaki majani matupu, kisha mwaka mzima unapita bila ua hata moja. Jirani yake alichomeka kijiti cha mmea huohuo pembeni ya ukuta akakisahau, na sasa matawi yameinama kwa uzito wa maua. Akiomba ushauri, mmoja humwambia amwagilie kila siku, mwingine humwambia asimwagilie kabisa. Huyu anasema aongeze mbolea, yule anasema mbolea ndiyo iliyoharibu. Wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa mmea wake na mahali alipoupanda.

Mkono hauhusiki. Sehemu kubwa ya mafanikio au hasara ya bustani huamuliwa kabla mche haujaingia ardhini, pale mtu anapochagua kwa kutazama ua badala ya kutazama mahali. Ua ndilo la mwisho kuulizwa. Yanayotangulia ni ukubwa wa mmea ukikomaa, saa ngapi za jua zinafika pale unapotaka kuupanda, na maji yanapita vipi kwenye udongo wake. Nitayachukua moja moja, kisha nirudi kwenye swali linalowaumiza wengi, la mmea wenye afya tele usiotaka kuchanua.

Makundi ya mimea, na ukubwa unaodanganya

Mti una shina la mbao, kwa kawaida moja, linaloinuka kabla ya kutoa matawi. Kichaka nacho ni cha mbao, ila mashina yake ni mengi na huanzia karibu na ardhi. Mtambaa hauwezi kujisimamisha. Huegemea, hujisokota au hujishika kwenye kitu kingine. Maua ya msimu ni mimea laini inayoota, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja, kama zinia na alizeti. Mimea ya kudumu huishi miaka mingi, hata ile ambayo sehemu yake ya juu hukauka na kuchipua upya.

Mipaka hiyo hulegea mkononi mwa mtunza bustani. Bogenvilia kwa asili ni mtambaa unaopanda kwa kuegemea na kujishika kwa miiba. Ukiipogoa mara kwa mara inakuwa kichaka, na ukiiachia shina moja lililofungwa kwenye nguzo inakuwa mti mdogo. Tatizo kubwa liko upande wa pili, kwa mimea inayoonekana midogo kwa sababu tu imefungiwa. Fikasi iitwayo Ficus benjamina huuzwa kwenye chungu ikiwa na urefu wa mtu mzima, ya kupendeza, majani yanang'aa. Porini mti huo hufika mita 30. Kinachouzuia ni chungu, na siku utakapouhamishia ardhini karibu na ukuta utakuwa umepanda mti wa msituni pembeni ya nyumba.

Poinsetia nayo huwashangaza wengi. Kitaluni ni mmea mfupi, umejaa, una majani mekundu juu. Ukiupanda ardhini unarefuka na kufika mita 3 au zaidi, matawi marefu na membamba. Mwenye mmea hudhani amepewa aina nyingine. Aina ni ileile. Wakuzaji wengi wa maua ya vyungu hutumia dawa za kudumaza urefu ili mmea uvutie mezani, na dawa hizo zikiisha nguvu mmea unarudi kwenye umbo lake. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye kitalu lihusu urefu na upana wa mmea baada ya miaka 10. Asipojua, tafuta jibu kwingine kabla hujalipa.

Jua: macho yetu hayafai kuwa kipimo

Maelekezo ya mimea hutaja jua kamili, nusu kivuli na kivuli, na watu wengi huyapita maneno hayo bila kuyatilia maanani. Jua kamili ni angalau saa 6 za jua linalopiga mmea moja kwa moja kila siku. Nusu kivuli ni kati ya saa 3 na 6. Chini ya hapo ni kivuli, hata kama mahali panaonekana peupe. Jicho la binadamu hujirekebisha upesi sana, hivyo chini ya mti au barazani tunaona vizuri tu, ilhali mmea uliosimama pale unapata sehemu ndogo ya mwanga ulio nje, mita chache mbele.

Njia ya uhakika ni ya kizamani. Chagua siku isiyo na mawingu, pita kwenye kiwanja kila saa tangu asubuhi hadi jioni, na uandike ni sehemu zipi zina jua. Irudie kazi hiyo baada ya miezi michache, kwa sababu njia ya jua angani huhama kulingana na majira, na kivuli cha ukuta kilichokuwa kifupi kinaweza kumeza kitanda kizima cha maua. Zingatia pia kwamba jua la asubuhi ni la upole kuliko la alasiri. Haidrenja, kwa mfano, hufurahia la asubuhi na kuungua kingo za majani kwa la alasiri.

Bogenvilia, waridi, adeniamu, lantana na karibu maua yote ya msimu yanataka jua kamili. Begonia na mikangaga hupenda kivuli au nusu yake. Haibiskasi itaishi kwenye nusu kivuli, lakini maua yatapungua, na hapo ndipo wengi huanza kununua dawa na mbolea ambazo haziwezi kuziba pengo la mwanga.

Kuna mkanganyiko mwingine unaohusu jua. Mtu anaambiwa mmea unapenda jua, anautoa kitaluni na kuupanda pakavu peupe mchana uleule, na ndani ya siku tatu majani yana mabaka meupe. Anahitimisha kwamba alidanganywa. Vitalu vingi hukuza miche chini ya neti za kivuli, na majani yaliyoumbwa kivulini ni membamba, hayana ulinzi wa kutosha dhidi ya mwanga mkali. Usogeze mche juani kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili. Yaliyoungua hayatapona, ila majani mapya yatakayochipua juani yatakuwa yameumbwa kwa ajili ya jua.

Maji yanayoua

Ukinitaka nitaje kitu kimoja kinachoua mimea mingi ya mapambo, nitasema ni maji mengi kwenye udongo usiopitisha. Mizizi inahitaji hewa. Udongo mzuri una nafasi ndogondogo, nyingine zikibeba maji na nyingine hewa; nafasi zote zikijaa maji muda mrefu, mizizi inakosa oksijeni, inaanza kufa, na vimelea vya kuoza vinaingia. Mizizi iliyokufa haiwezi kuvuta maji, kwa hiyo majani yananyauka mfano wa mmea wenye kiu. Mwenye bustani anaona mnyauko, anaongeza maji. Mimea mingi imekufa hivyo, mikononi mwa watu walioijali sana.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukihisi ukavu, mwagilia taratibu na kwa wingi mpaka maji yazame chini, kisha subiri. Kunyunyiza kidogo kila siku hulowesha sehemu ya juu tu, na mizizi hubaki hapo juu inakokauka upesi.

Udongo wenyewe unaweza kuupima bila kifaa chochote cha kununua. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huo. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha angalia maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2 hadi 8 uko salama kwa mimea mingi. Yakisimama, una udongo wa mfinyanzi au tabaka gumu chini yake, na suluhisho ni kupanda kwenye kitanda kilichoinuliwa au kuchagua mimea inayovumilia unyevu, kama ua liitwalo kana. Yakitoweka papo hapo, una kichanga, na mboji nyingi itasaidia kushika maji. Ukikosa subira ya kuchimba shimo, finyanga udongo wenye unyevu kiganjani: wa mfinyanzi hushikana na kung'aa, wa kichanga humomonyoka, wa tifutifu hushikana lakini huvunjika ukiugusa.

Kwa wanaopanda kwenye vyungu, liko jambo ambalo karibu kila mtu amefundishwa vibaya: kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Kokoto zinafanya kinyume. Chukua sifongo bapa lililolowa chepechepe, lishike kwa kulilaza mpaka liache kudondosha maji, kisha lisimamishe wima; litadondosha mengine. Maji yameongezeka kutoka kwa sababu safu ya sifongo imekuwa ndefu. Udongo wa kwenye chungu una tabia hiyohiyo: sehemu yake ya chini kabisa hubaki imelowa, na maji hayaingii kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae kabisa. Ukiweka kokoto umeipandisha sehemu iliyolowa, ikakaribia mizizi, na umefupisha udongo. Chungu kinahitaji tundu chini, kina cha kutosha, na udongo uliochanganywa na mchanga mkubwa au vipande vya magome kuanzia juu hadi chini.

Udongo una neno lake hata kwenye rangi. Haidrenja za aina ya Hydrangea macrophylla hutoa maua ya buluu kwenye udongo wenye tindikali, kwa kuwa hapo alumini huyeyuka na mmea huweza kuivuta, na hutoa ya waridi kwenye udongo wenye alkali. Mpaka uko takribani hivi, kwa pH, kipimo cha tindikali ambacho namba ndogo ni tindikali zaidi: chini ya pH 5.5 buluu, juu ya 6.5 waridi, katikati rangi huchanganyika. Mtu aliyenunua ya buluu ikamgeukia hakuibiwa. Haidrenja nyeupe, kwa kawaida, hazibadiliki hivyo.

Mmea una afya, mbona hauchanui?

Hapa ndipo ushauri unapogongana zaidi, kwa sababu dalili ni moja na sababu ni nyingi. Mwanga tumeumaliza. Ukishahakikisha saa za jua zinatosha, tazama mbolea. Mbolea za viwandani huandikwa namba tatu, na mpangilio wake ni nitrojeni, fosforasi, potasiamu. Nitrojeni husukuma majani na matawi. Kichaka kilichopandwa kando ya nyasi zinazorutubishwa kwa mbolea ya nitrojeni, au kinachopewa samadi nyingi kila mwezi, kitakuwa kijani kibichi, kirefu, kizuri, na bila maua. Kuongeza mbolea nyingine juu ya hiyo ni kuendelea kukiambia kitoe majani. Kiache.

Bogenvilia inastahili maelezo yake peke yake, maana ndiyo inayolalamikiwa kuliko yote. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikusanya nchini Brazili mwaka 1767, akiwa katika safari ya baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye mmea. Asili hiyo ya Amerika ya Kusini, katika maeneo yenye msimu wa ukame, inaeleza tabia yake. Huchanua vizuri zaidi ikipata jua kamili na ukavu wa kiasi. Ile ya jirani iliyosahaulika ukutani ilipata sawasawa ilichotaka, na ile iliyomwagiliwa kila jioni iliendelea kukua tu, kwa kuwa haikupata dalili yoyote kwamba wakati wa kuchanua umefika. Ikiwa yako imekwama, acha udongo ukauke vizuri kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, sitisha mbolea, na usubiri wiki kadhaa.

Tukiwa hapohapo, zile sehemu za rangi kwenye bogenvilia si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi, matatu matatu, na maua yenyewe ni vile vijibomba vyembamba vya rangi ya maziwa katikati. Poinsetia iko hivyohivyo. Ndiyo maana rangi zao hudumu kwa wiki nyingi, wakati ua la haibiskasi aghalabu hufunguka na kufa siku moja. Wengi huona maua ya haibiskasi yakianguka kila jioni wakadhani mmea unaumwa. Hauumwi. Cha kutazama ni kama kesho yake yanafunguka mengine. Vitumba vikianguka kabla ya kufunguka, hapo kuna shida, na mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla ya maji au wadudu.

Mimea mingine husubiri saa. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walionyesha kwamba baadhi ya mimea huchanua kulingana na urefu wa mchana, na baadaye ikadhihirika kwamba kinachopimwa hasa ni urefu wa giza lisilokatizwa. Poinsetia na krisanthemamu huhitaji usiku mrefu. Poinsetia iliyopandwa chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha inaweza kubaki kijani mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila usiku giza lake linavunjwa. Zima taa, au uhamishe mmea. Hakuna mbolea itakayosaidia.

Umri nao una sehemu yake. Jakaranda iliyooteshwa kwa mbegu inaweza kukaa zaidi ya miaka saba kabla ya kuchanua mara ya kwanza, maana mche wa mbegu hupitia utoto kamili. Kipandikizi kilichokatwa kwenye mmea uliokomaa kimeshavuka utoto huo na huchanua mapema. Tofauti nyingine ni kwamba kipandikizi hufanana na mmea kilikotoka, ilhali mbegu inaweza kukupa rangi usiyoitarajia. Ukikata kijiti cha msanapichi, ambao wengine huuita franjipani, usikichomeke siku hiyohiyo. Kiache kivulini wiki moja au mbili mpaka sehemu iliyokatwa ikauke, la sivyo kitaoza.

Mwisho kuna mkasi. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, inayozuia macho yaliyo chini yake yasichipue. Ukikata ncha, zuio linaondoka, na matawi mawili au matatu hutokea mahali pa moja. Ndiyo sababu kupogoa hunenesha kichaka. Lakini maua yanakaa wapi? Haibiskasi, waridi nyingi za kisasa, lantana na bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kuzipogoa huongeza maua, mradi uzipe muda wa kuyatoa. Uzio wa mimea unaonyolewa kila wiki hautachanua kamwe, kwa kuwa kila wiki vitumba vinakatwa vikiwa bado havionekani. Azalea na haidrenja nyingi za macrophylla, kwa upande wao, huandaa vitumba kwenye matawi ya msimu uliopita. Hizo zipogolewe mara tu zinapomaliza kuchanua. Ukichelewa umekata maua ya mwaka ujao. Kwa maua ya msimu kazi ni nyepesi: kata ua linaponyauka, kabla halijafunga mbegu, maana mmea ukishapata mbegu za kutosha hupunguza kuchanua.

Waridi lililobadilika

Hili husimuliwa kwa mshangao, hata kwa hofu. Mtu alikuwa na waridi kubwa jekundu, sasa kichaka kilekile kinatoa maua madogo ya aina nyingine. Waridi halijageuka. Mawaridi mengi huunganishwa: aina yenye maua mazuri hubandikwa juu ya mizizi ya waridi jingine lenye nguvu, na kiungo huonekana kama uvimbe karibu na ardhi. Machipukizi yakitokea chini ya uvimbe huo ni ya waridi la mizizi, na hukua kwa kasi kuliko lile la juu. Yakiachwa yatalimaliza kabisa. Fukua kidogo ufike yanapoanzia kwenye mzizi, uyang'oe kwa kuyavuta badala ya kuyakata, ili macho yaliyo kwenye shina lake yatoke pamoja nayo.

Mti karibu na nyumba

Watu huogopa mizizi kwa sababu zisizo sahihi na kuisahau pale inapostahili kuogopwa. Mzizi haunusi maji kutoka mbali. Hukua pale unapokuta unyevu, hewa na udongo laini, kwa hiyo bomba linalovuja huufanya ustawi jirani yake na hatimaye uingie kwenye ufa uliokuwapo. Bomba zima huachwa. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na husambaa kwa upana, mara nyingi kuvuka mbali ukingo wa matawi. Wazo kwamba mizizi iko chini kwa umbo lilelile la matawi yaliyo juu halilingani na hali halisi.

Kwa sababu hiyo madhara huanza kwenye vitu vyepesi: njia za kupita, sakafu za uani, kuta fupi za uzio. Mkrismasi, ule mti asili yake Madagaska wenye maua mekundu kama moto, una mwavuli mpana na mizizi mikubwa ya juujuu. Ni mti wa kiwanja kikubwa. Ficus karibu zote ni za kuogopwa jirani na majengo na mashimo ya maji taka. Jamii ya mitende ina mizizi myembamba isiyonenepa kwa miaka, ndiyo maana huwekwa karibu na njia bila kuzinyanyua. Kwa mti utakaofika mita 15, mimi singependa kuona umbali wa chini ya mita 8 kutoka ukutani, na kwenye mfinyanzi unaopasuka wakati wa ukame ningeuongeza, maana mti huvuta maji, udongo unasinyaa, na msingi unakosa pa kukalia.

Wakati wa kupanda, shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini kina chake kisizidi kimo cha donge. Pale shina linapotanuka kuanza mizizi pawe usawa wa ardhi. Kulizika shina ni kuliozesha polepole. Mizizi iliyozunguka ndani ya mfuko ikunjue au uikate, kwa sababu ikiachwa itaendelea kuzunguka mpaka inyonge shina miaka ya baadaye. Rudisha udongo uleule uliouchimba, na mboji uitandaze juu. Shimo lililojazwa mboji tupu hudekeza mizizi ikabaki humo. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Nguzo ifungwe kwa ulegevu na iondolewe ndani ya mwaka, kwani shina hukakamaa kwa kuyumbishwa na upepo.

Tawi kubwa likikatwa, watu hupaka rangi au lami kwenye jeraha. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti haufuniki jeraha kwa kuponya kama ngozi. Hujenga kuta ndani yake na kulitenga. Rangi haizuii kuoza. Kinachosaidia ni kukata nje kidogo ya ule mkunjo ulio mahali tawi linapoungana na shina, bila kuacha kisiki na bila kukata kwa usawa wa shina.

Na hofu ya kumwagilia mchana eti matone huwa lenzi na kuchoma majani? Watafiti wa Hungaria waliipima na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kwenye majani laini matone hayakuchoma. Majani yenye vinyweleo vinavyoshikilia tone juu ya uso wake ndiyo yaliyoweza kuungua. Asubuhi inabaki kuwa wakati mzuri kwa sababu maji hayapotei hewani na majani hukauka mapema, jambo linalopunguza ukungu. Lakini ukikuta mmea una kiu saa saba mchana, umwagilie.

Uzuri wenye sumu na uzuri unaotoroka

Kila sehemu ya olianda ina sumu inayovuruga moyo: majani, maua, mbegu, hata kijiti kilichokauka. Olianda ya manjano ina sumu ya aina hiyohiyo, na mbegu zake ndizo za hatari zaidi. Maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, Brugmansia, huchanganya akili na yanaweza kuua. Utomvu wa adeniamu umetumika tangu zamani kwenye mishale. Sisemi mimea hii isipandwe. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni isiwe nayo, na anayeipogoa avae glavu na asichome matawi ya olianda, moshi wake nao una sumu. Poinsetia, ambayo husemwa inaua, kwa kawaida haizidi kuwasha ngozi na kuvuruga tumbo. Wenye paka wasikaribishe yungiyungi wa jenasi ya Lilium hata kwenye chombo cha maua, kwa kuwa kiasi kidogo tu, hata chavua wanayoilamba manyoyani, huharibu figo zao.

Mimea mingine hatari yake ni kuvuka uzio. Lantana ilisambazwa duniani kwa ajili ya bustani, ndege wakala matunda yake na kueneza mbegu, na leo inafunika malisho na misitu katika mabara kadhaa na kudhuru ng'ombe wanaoila. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini na kusafirishwa kama pambo la mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limefika Ziwa Viktoria, na miaka ya 1990 likafunga ghuba na bandari. Uliza jina la kisayansi la mmea kabla ya kuununua, kwani jina la mtaani huweza kubeba mimea mitatu tofauti, kisha ulinganishe na orodha ya mimea vamizi ya nchi yako.

Kama lantana unayo tayari na huna moyo wa kuing'oa, ikate vichwa vya maua kabla matunda hayajaiva na kuwa meusi. Matawi unayoyapogoa, pamoja na mimea ya bwawa unayoipunguza, usiitupe bondeni wala kwenye mfereji. Itandaze juu ya sakafu kavu juani hadi ikauke kabisa ndipo uifukie mboleani, na vile vyenye mbegu vifungie kwenye mfuko.